Kufuata Sola za Tanzania Nakuru

Tangu nirudi sijakaa dukani nusu siku bila mtu kuingia, kujifanya anaulizia betri, kisha kuegemea kaunta na kusema, "Eti Mama Ndeshi, ni kweli mlikwenda mpaka Kenya kufuata sola za Tanzania?" Ni kweli, na si kweli. Nimechoka kuisimulia vipande vipande huku wateja wa kweli wakisubiri, kwa hiyo naiandika yote mara moja. Habari za vibali na mihuri nimeziruka. Aliyewahi kuzipitia anazijua, na ambaye hajawahi sina haja ya kumtisha.

Wengi wenu mnalijua duka langu pale mjini Arusha: sola, betri, taa, na pampu za kisima kwa wanaoagiza. Siku moja aliingia mzee wa Kiarusha, mrefu, mwenye kofia, amejifunga shuka juu ya koti la suti, akajitambulisha kuwa ni Mzee Lembris, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji kimoja huko chini ya Oldonyo Sambu, upande mkavu wa Mlima Meru. Kisima chao kilikuwa na pampu ya sola. Paneli walizinunua kwa mchuuzi aliyepita na pikapiki, zikafanya kazi kiangazi kimoja, halafu zikafa. Wanawake walikuwa wamerudi kuteka maji bwawani, mwendo wa asubuhi nzima, na bwawa lenyewe lilikuwa limebaki tope na kwato.

Aliyewashawishi wanakijiji wanunue zile za mchuuzi alikuwa yeye Lembris. Akaniambia kwamba kila mama anayepita na ndoo mbele ya boma lake humsalimia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Nikamwonyesha paneli nzuri. Akaigonga kwa ukucha.

"Hii imezaliwa wapi?"

"China, mzee."

"Na zile zilizokufa?"

"China pia. Lakini China ni kubwa, mzee, kuna nzuri na kuna mbovu."

"Basi hapana."

Alikuwa amesikia redioni kwamba siku hizi kuna viwanda vya sola hapa hapa Afrika Mashariki. Mimi pia nilikuwa nimesikia. Nikapiga simu kiwanda kimoja nje ya Nakuru, wakanijibu kwamba mzigo upo, tena upo tayari. Nikamwambia watautuma. Akatikisa kichwa. "Mimi sijawahi kununua ng'ombe kwa simu," alisema. "Twende nikaone zinapozaliwa."

Arusha hadi Namanga

Tulikodi Canter ya Kileo, kaka mmoja wa Machame ninayemwamini kwa mizigo na simwamini kwa injini. Tuliondoka asubuhi njema, tukafika Ngaramtoni, na hapo ndipo nilipojua nimesafiri na mtu wa aina gani. Ilikuwa siku ya soko. Lembris aliomba ashuke "kidogo tu asalimie." Alimsalimia kila mtu mwenye mbuzi, na kila mmoja alielezwa kwa utulivu tunakwenda wapi na kwa nini. Aliporudi garini soko zima lilikuwa na maoni. Wawili walitaka tuwaletee zao. Mmoja alitutangazia kwamba jua la Kenya ni dogo kuliko la kwetu, kwa hiyo sola za kule hazitalizoea.

Tulipopita Longido gari lilichemka. Kileo akafungua boneti, mvuke ukampiga usoni kama mama anayefunua sufuria ya makande. Rejeta ilikuwa kavu, na pale tulipokuwa hapakuwa na tone la maji ila chupa zetu za kunywa. Tukazimimina zote. Msafara wa kutafuta maji ulikwama barabarani kwa kukosa maji, na sisi watatu tukakaa kivulini mwa Canter na ndimi zimekauka, tukisubiri injini inywe na kushiba.

"Hili gari limezaliwa wapi?" Lembris akauliza.

"Japani," Kileo akajibu kwa fahari.

Mzee akageuka. Alinitazama tu.

Namanga hadi Nairobi

Kajiado tulisimama kula. Kileo aliagiza chai, akaletewa chai ya maziwa. Akaeleza kwa upole kwamba yeye ameomba chai. Mhudumu akamwambia kwa upole uleule kwamba hiyo ndiyo chai. Akasema anataka ya rangi. Yule dada akauliza, "Rangi gani?" Walizungushana hivyo mpaka ile ya maziwa ikapoa, na Kileo akainywa ikiwa imepoa, akilalamika kwamba tangu tuvuke mpaka Kiswahili kimeharibika.

Lembris hakuwa na shida hiyo. Alikaa meza ya pili na wanaume waliovaa kama yeye, wakaongea Kimasai, na dakika chache baadaye akasukumiwa sahani ya mbavu ambayo haikuwa kwenye orodha ya vyakula. Sisi tuliokuwa tukijiona wenyeji wa lugha ya taifa tulikula maharage.

Nairobi sina la kusema. Tuliingia mchana na tukatoka jua likiwa linaelekea kuzama, na katikati hapo hatukufanya lolote ila kutazama mgongo wa lori lililobeba magodoro.

Nairobi hadi Nakuru

Tulilala Limuru, asubuhi tukaanza kuteremka Bonde la Ufa. Pale wanaposimama watalii kupiga picha kuna vibanda vya kofia za manyoya na mashuka. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na Kileo alitaka kofia. Tuliposhuka, kijana mmoja muuzaji alimkimbilia Lembris, Mwarusha aliyejifunga shuka lake mwenyewe, akamtandikia jingine begani.

"Mzee, chukua hii. Shuka ya Kimasai, original kabisa."

Lembris akalishika, akalisugua kwa vidole. "Imefumwa wapi?"

"Nimekwambia ni original, baba. Imetoka nje!"

Nilicheka hadi nikaegemea kibanda. Lembris hakucheka. Alilitazama shuka lile, kisha akalitazama lake, akaligeuza pindo akitafuta kitu. Sijui alikiona au hakukiona, lakini kuanzia hapo hadi Nakuru hakuuliza tena chochote kimezaliwa wapi.

Kiwandani

Nilitegemea kelele na moshi. Tulikuta maua, nyasi zilizokatwa vizuri, na jengo refu jeupe lililokaa kimya. Dada wa mauzo, Wanjiru, alitupokea kwa tabasamu na chai, nayo ilikuwa ya maziwa. Kabla sijamaliza kueleza sisi ni nani, tabasamu lilipungua.

"Ni nyinyi wa Arusha? Pole sana. Wakati mlipiga simu zilikuwa tayari. Halafu kukakuja mnunuzi wa ng'ambo akachukua zote."

"Ng'ambo ipi?" Lembris akauliza.

"Mbali, mzee. Huko serikali yao imepandisha ushuru kwa paneli za China. Kwa hivyo wanunuzi wanatafuta zile zimetengenezwa kwingine. Sasa wamegundua Afrika."

"Wametugundua tena?"

Wanjiru akakohoa. Nikamweleza kwamba na sisi tumetoka mbali kwa sababu hiyo hiyo, hatutaki za China. "Ndiyo," akasema, "mmefuata kitu kimoja na wao. Lakini wao walikuja na meli."

Nikauliza kwa nini wasitutengenezee nyingine. Akashusha sauti. "Seli zimeshikwa Mombasa."

Lembris akavua kofia. "Zimejaa?"

"Zimejaa, mzee. Kontena nzima, tangu wiki ile."

"Pole sana, binti yangu. Na hao walioshikwa wana familia?"

Ilinichukua muda kuwatenganisha. Wanjiru alikuwa anasema vile vipande vyeusi vya paneli vinavyokamata jua, ambavyo forodha walivizuia bandarini wakitaka kujua asili yake. Lembris alikuwa amewaza mahabusu, na aliwaonea huruma kweli. Nilipomweleza, akavaa kofia yake.

"Sawa. Na hizo seli zinatoka wapi?"

Wanjiru akaangalia dirishani. "China."

"Kioo?"

"China pia."

"Hii bati ya pembeni?"

"Fremu? Ilikuwa ya hapa hapa. Siku hizi inatoka India."

"Na ninyi?"

"Sisi tunaunganisha."

Nilimwona mzee anawaza. Mwisho akasema nyumbani kwake ana ng'ombe wa maziwa ambaye mbegu yake ililetwa na daktari wa mifugo kutoka Ulaya, ndama akazaliwa bomani, na hakuna anayesema yule si ng'ombe wa Lembris. Kwa hiyo kuunganisha anakubali. Nikadhani tumefika mahali. "Basi tupeni hizo za kuunganishwa," akamalizia, na tukarudi palepale, kwamba hazipo.

Wanjiru, akitaka kutusaidia, akasema ghalani wanazo nyingine zilizokuja zikiwa kamili, nzuri, za kuondoka nazo leo hii. Akaenda kuleta moja. Nilipoiona masikio yaliniwaka moto. Nembo ile ninaijua hata kwa kupapasa gizani. Zimepangwa dukani kwangu hadi kwenye dari.

Ningeweza kunyamaza. Nikasema.

Lembris akaniangalia mimi, akaiangalia paneli. "Kwa hiyo tumetoka dukani kwako tukaja kuliona duka lako."

Kileo peke yake ndiye aliyecheka, naye aliacha upesi.

Kungoja Nakuru

Jioni ile tulikula wali na mbuzi kwenye hoteli ndogo karibu na stendi, na kwa mara ya kwanza safarini mzee hakumaliza sahani. Nilimshauri tuchukue zilizopo. Nilimwambia ukweli kama mfanyabiashara, kwamba ni paneli nzuri, na ninaziuza bila aibu.

"Najua ni nzuri," alisema. "Ungeniambia uongo ningejua. Lakini nilisimama mbele ya mkutano nikasema nakwenda kuleta nyingine tofauti. Siwezi kurudi na gari tupu, wala siwezi kurudi na zile zile. Wale wanawake hawatanitukana, Mama Ndeshi. Ni watu wa kanisa. Watanyamaza tu, na watabeba ndoo."

Asubuhi akatuongoza kurudi kiwandani na kukaa kwenye kochi jekundu pale mapokezi. Wanjiru akamwomba ahamie chumba kingine, maana siku ile wanategemea wageni. Akasema yeye ni mgeni. Mlinzi akaja, akamsalimia, wakagundua ukoo wa mama zao ni mmoja au unakaribiana, na mlinzi akarudi getini akiwa ameridhika. Meneja mwenyewe akaja, mwanaume mnene mwenye haraka, lakini kabla hajafungua mdomo magari mawili yaliingia uani, wageni wakashuka.

Walikuwa ni watu wa yule mnunuzi wa ng'ambo, wamekuja kukagua.

Wakampenda Lembris papo hapo. Nadhani waliamini amewekwa pale kwa ajili yao, kama yale maua. Wakapiga naye picha. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe, ambaye wengine walionekana kumsikiliza, akamwomba Wanjiru amuulize mzee kama naye ni mteja na anaonaje huduma.

Lembris akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka, taratibu, "Waambie nimefurahi kuwaona. Nilitaka kuwajua watu waliochukua sola zangu."

Wanjiru akageuka, akawaambia kwa Kiingereza kwamba mzee anasema amefurahi kuwaona.

Wageni wakapiga makofi.

Sijui nini kilinipata. Mimi kwa kawaida nikiwa ugenini hunyamaza. Lakini nilimwona mzee anatabasamu akidhani maneno yake yamefika, akingoja jibu, na nikahisi aibu iliyokuwa siyo yangu. Nikasimama na Kiingereza changu cha sekondari, nikamwambia yule mama alichosema mzee, chote. Nikaongeza habari ya kisima, ya bwawa, na ya zile paneli zilizotangulia kupanda meli. Meneja alikuwa anatazama viatu vyake. Wanjiru alifumba macho.

Yule mama hakukasirika. Alimuuliza meneja swali moja tu, kama ni kweli kwamba jirani aliyeulizia wa kwanza hakubakiziwa hata chache. Meneja akasema kuna hali ngumu ya soko la dunia. Mama akasema hali hiyo anaijua, yeye ndiye anayeisababisha, lakini ameuliza kuhusu chache.

Halafu Wanjiru, akiwa bado amefumba macho, akasema kwa Kiswahili, "Si kuna zile za stika?"

Meneja akamtazama kama aliyemtaja marehemu mezani.

Za stika zilikuwa nyuma ya ghala, zimefunikwa turubai. Ziliunganishwa hapo hapo kwa seli za mzigo uliotangulia, zikapimwa, zikapita. Kosa lilikuwa moja. Kampuni inafikiria kufungua kiwanda cha pili upande wetu, na mtu mmoja mwenye matumaini alishachapisha stika. Siku fulani roli ya stika zile ikaingia kwenye mashine, na paneli zikatoka nyuma zimeandikwa kwamba zimetengenezwa Tanzania. Wanunuzi wa ng'ambo walizikataa, kwa sababu wao nchi inayoandikwa ndiyo wanayoilipia.

"Kwani mna kiwanda Tanzania?" nikauliza.

"Tunategemea," meneja akajibu.

Nilizitoa nje juani moja moja nikazipima kwa mita yangu, na Lembris akishika kila moja kama anashika ndama. Zilikuwa nzima, tena zina nguvu kuliko nilivyotarajia. Wanjiru alitaka kuzibandua stika, lakini gundi yake ilikuwa imara, pengine ndicho kitu imara kuliko vyote vilivyotengenezwa pale. Tulizipakia hivyo hivyo. Mzee alipoagana na yule mama wa nywele nyeupe alimpa mkono, akamwambia akipita Ngaramtoni siku ya soko aulize kwa Lembris. Safari hii Wanjiru alitafsiri neno kwa neno.

Nakuru hadi Namanga

Canter haikuchemka hata mara moja, na Kileo alijisifu njia nzima, kana kwamba baridi ya Limuru ameileta yeye. Kajiado aliagiza uji.

Namanga, upande wetu, ofisa mmoja kijana akapanda nyuma kukagua. Akashuka na sura mpya.

"Mmesema mmenunua Kenya."

"Ndiyo, afande," nikajibu.

"Lakini hizi zimetengenezwa Tanzania."

"Hapana, zimetengenezwa Kenya."

"Mama, mimi najua kusoma."

Kileo akaona aokoe hali. "Zinarudi nyumbani, afande."

"Kumbe! Zilitoka lini?"

"Hazijawahi kutoka," nikasema. "Yaani hazijawahi kuwepo."

Nilisikia mwenyewe jinsi inavyosikika. Tuliwekwa pembeni. Ofisa akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao, na wote wakaenda nyuma ya gari kusoma stika kwa zamu. Mkubwa alitaka kujua kiwanda hicho cha Tanzania kiko mkoa gani, maana yeye hajakisikia. Nikamjibu kwamba hata wenye kiwanda hawajajua. Tulilala Namanga. Kesho yake mchana alikubali kuongea na Wanjiru kwa simu, akamsikiliza muda mrefu huku akikuna kidevu, kisha akamrudishia simu Kileo.

"Kwa hiyo," akasema, "Wakenya wameanza kuiga bidhaa zetu kabla sisi hatujazitengeneza."

Alisema kwa uchungu wa kizalendo kabisa. Kisha akatufungulia njia, na Lembris, ambaye muda wote alikuwa amelala kwenye kiti cha mbele, akaamka na kuuliza kama tumefika Longido.

Oldonyo Sambu

Mafundi wangu walizifunga paneli juu ya nguzo, mimi mwenyewe nikaunganisha waya za pampu. Nilikuwa na hofu ambayo sikuionyesha. Pampu iliyokaa muda mrefu bila kazi inaweza kukataa hata ikipewa jua la dunia nzima. Kamati ilikuwa imekaa kwenye viti, na wanawake wamesimama nyuma. Hawakuwa wanaongea.

Nikawasha. Hakukutokea kitu. Bomba likapumua, likapiga chafya, likatema kutu na mende mmoja. Lembris alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, anatazama mlima kana kwamba hili halimhusu, lakini niliona vidole vyake vimekamatana mpaka vimebadilika rangi. Kisha maji yakaja, mekundu, halafu ya kahawia, halafu meupe, yakamwagika kwenye tangi kwa kishindo, na zile kelele za wanawake sitazisahau. Mzee hakupiga kelele. Alikwenda nyuma ya tangi akakaa huko kidogo, na hakuna aliyemfuata.

Mnaniuliza kama ni bora kuliko zilizo dukani kwangu. Sijui. Niulizeni baada ya masika mawili. Mnaniuliza pia ni za wapi hasa, na hapo nawaambia mje na kiti, mkae.

Nilipokuwa nafunga vifaa vyangu, mke wa Lembris alitokea bomani na punda wake mwenye madumu mgongoni, akaja moja kwa moja kwenye bomba jipya. Yeye alisimama. Punda hakusimama. Alilipita bomba, akawapita watu wote na shangwe zao, akashika njia ya bwawani kama alivyofanya kila siku, madumu yakigongana. Yule mama alimwita kwa Kimasai, kwanza kwa ukali, kisha kwa kubembeleza. Mwishowe akakunja shuka lake, akatimua mbio kumfuata, huku akicheka kwa nguvu mpaka akashindwa kukimbia.